Makovu Arobaini ya Papa Wenceslas Cubaka

Goma, Keshero, Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2025. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika kabla ya kengele ya misa. Mawe meusi ya uwanja wetu bado yana maji, na ukungu haujaondoka juu ya ziwa.

Mpendwa wetu Wenceslas,

Leo mwaka umetimia tangu moyo wako uliposimama, ukiwa mezani, chai yako haijapoa, buti zako za mpira zikikungoja mlangoni. Tunamshukuru Mungu aliyekupa kwetu.

Ulifanya kazi katika utafiti wa mpox, ugonjwa ulio ndugu wa ndui ya zamani. Wenzako wa maabara walichunguza virusi katika magamba ya vidonda. Wewe ulitumwa kutafuta jambo moja: wale waliochanjwa ndui zamani, kabla chanjo ile haijasimamishwa, je, bado inawakinga wanapolala nyumba moja na mgonjwa wa mpox? Chanjo ile huacha kovu juu ya mkono. Basi ukatembea kambi za wakimbizi wa ndani upande wa Lac Vert, hema kwa hema, ukiwaomba watu wazima wapandishe mikono ya nguo.

Muzee mmoja alikuuliza, "Docteur, mukono yangu iliiba nini?"

Ukaketi kwenye bidoni yake ya maji, ukamjibu, "Muzee, mi si docteur. Na mukono yako haikuiba kitu. Nataka tu inipashe habari ya zamani."

Hata kanisani hukuacha. Mama Kahambu wa kwaya alimnong'oneza mkeo Nshobole, "Mama Aurélie, bwana yako anaangaliaka mikono ya bamama mu misa."

"Anaangaliaka tu ya bale banapita miaka makumi ine na tano," mkeo akamjibu. "Alikuangalia na weye?"

Mama Kahambu akavuta shali yake, akaimba wimbo mzima bila kugeuka.

Majina ya watu wa utafiti wako hukuyataja nyumbani. Katika sala ya jioni ulitaja namba tu, kwa Kifaransa, kama ile ya kumi na saba. "Bwana, umukumbuke dix-sept, mutoto wake anaungua homa." Nshobole aliitikia amina, akijua kwamba Mungu anayo majina.

Mwezi Agosti mwaka jana ulirudi nyumbani na habari ngumu. Ulikuwa umezitazama upya picha zako za makovu, ukaona kosa. Kwa watu arobaini, waliozaliwa miaka ya sabini, uliandika "ndui" kwa sababu ya mahali kovu lilipo, bila kupima umbo lake. Kovu la ndui hubonyea, lina vishimo na mistari. Mengine yalikuwa madogo na laini, kama yale ya chanjo ya kifua kikuu, ambayo nayo huchomwa mkononi.

Mwenzako mmoja alikuambia, "Achana nayo, Wence. Nani atajua?"

"Mimi niko najua," ulisema. "Na Mungu iko anajua."

Ukaenda mwenyewe kwa wakubwa wako kuungama. Wakasema kwamba wale arobaini wasipotazamwa tena, kazi yako yote ya Lac Vert itatolewa katika utafiti. Asubuhi uliyotuacha, ulikuwa unajiandaa kwenda kwa mtu wa kwanza.

Kisha kambi zikavunjwa, watu wakatawanyika. Daftari lako lilisema "hema la nne baada ya bomba", na leo hakuna hema wala bomba. Clarisse, mwenzako wa kazi, alikuja kutuomba msaada. Orodha ya majina aliishika yeye peke yake, kama ulivyotaka; mkeo alipewa namba tu. Mkeo alichukua kalamu na rula ya kupimia makovu. Wewe ndiye uliyempeleka masomo ya jioni ya parokia akiwa na miaka hamsini na miwili, na alipoandika namba ya kwanza mbele ya mtu uliyewahi kumtazama wewe, Clarisse alimshika bega.

Kituku, kwenye soko la samaki, walimpata baba mmoja akitengeneza nyavu. "Ule papa wa kuangalia mikono alisema atarudia," alisema. "Nikawaza ni bale banasemaka tu." Clarisse akamweleza kwamba umefariki. Akaweka wavu chini, akapandisha mkono wa shati. "Mupime."

Ndipo Nshobole akaona kwenye karatasi namba yake: dix-sept. Alikuwa amemwombea huyu miezi mingi bila kumjua. Akamuuliza tu kuhusu mtoto. Amepona, anasoma.

Hadi leo wamepatikana thelathini na mmoja. Kumi na tisa wana kovu la ndui kweli. Kumi na wawili hawana. Hesabu yako imepungua, wala hatuoni haya, maana iliyobaki ni ya kweli. Wakubwa wako wamekubali kungoja mpaka Pasaka.

Jina lako hutajwa nyumbani humu kila siku, na litaendelea kutajwa maadamu tunapumua. Baada ya misa, mbele ya wanao Aurélie na Cédrick, dada yako Miriam, shemeji yako Jephté, Clarisse na wenzako wa maabara, mkeo alisimama. Hajazoea kusema mbele za watu. Alisema kwa sauti, wote wakasikia:

"Papa Aurélie, bamebaki tisa. Tutabatafuta mpaka wa mwisho. Na ule hatutamuona, tutaandika kwamba hatukumuona."