Linux Chumbani kwa Mama

Jumatatu, 9 Juni 2025
…na hata leo aliposema kwenye simu "mke wangu, nisomee namba za IP" nilichelewa kujibu, kwa sababu ya maneno mawili ya kwanza. Wiki tatu za ndoa! Pantaleo yuko kazini Geita, mimi Nyahanga, kwenye steshenari ya Mama. Kompyuta tatu za wateja, zote Windows, hazipati intaneti. Zinapitia ile kuukuu yenye Linux aliyoifunga yeye Februari, alipokuwa fundi tu. Aliiweka chumbani kwa Mama — modemu inashika mtandao kwenye dirisha lile peke yake. Sasa ni mkwilima. Mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe.
Hakuna aliyelifikiria hili. Hata mshenga.

Jumanne, 10 Juni
Mama katoa siku: ikifika Ijumaa bado, Enock wa duka la simu anafuta Linux na kuweka Windows. Enock si mkwe, anaingia. Lakini ni kazi ya mume wangu ile! Nimeifuta vumbi mara mbili.

Jumatano, 11 Juni
Nimekaa kitandani kwa Mama, kibodi mapajani, simu begani. Kutoka kompyuta za wateja mawasiliano yanaifikia Linux. Mbele ya hapo, kimya.
Pantaleo kauliza, umeme ulikatika? Nikasema Jumapili, mara ya kwanza tangu betri yake ya akiba ife. Akaguna. (Hata kuguna kwake kuzuri.)
Kumbe Linux ina swichi ya kupitisha mawasiliano. Sifuri inazuia, moja inapitisha. Aliweka moja, hakuihifadhi. Ikizimwa inarudi sifuri. "Nisamehe, siku ile nilikuwa nakuangalia wewe."
Nimeandika amri. Moja! Huko mbele dukani mteja wetu Mwalimu Klara akapiga kelele, barua pepe zake zimeingia. Nimelia kidogo.

Alhamisi, 12 Juni
Umeme umekatika tena, mimi niko mashineni nasaga. Nimerudi, nikasimama mlangoni. Mama kajifunika khanga kichwani, kaipa mgongo simu yangu iliyokuwa kitandani, sauti imefunguliwa, Pantaleo hewani.
"Limi, mwambie huyo arudie herufi."
"Limi, mwambie Mama aandike moja, abonyeze Enter."
"Limi, mwambie nimebonyeza."
Limi nilikuwa na debe la unga kichwani, hakuna aliyejua nimefika. Intaneti ikarudi.

Ijumaa, 13 Juni
Enock kaja. Mama kamrudisha: inafanya kazi, nenda baba. Saa nane umeme ukakatika.
Pantaleo anasema swichi ihifadhiwe kwenye faili, anataka kuifanya kwa mkono wake. Ni mstari mmoja. Ningeweza kuuandika mimi. Nikamwambia aje.
Nimemwambia Mama kwamba mkwewe anakuja. Kachambua maharage yote kwanza.
"Aseme tarehe, niende Mhunze kwa dada yangu."
"Kwa hiyo ataingia?"
"Chumba hakiendi Mhunze, Limi. Kinabaki changu."
Nimempigia Pantaleo, nikamweleza vyote. Kacheka. Kasema hata akifanyia kazi dirishani kwa nje, kabla mwezi haujaisha anakuja.