Salamu za Mama Ulizoniandikia

Ujerumani, Jumapili jioni

Kaka Silvesta,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, mdogo haanzi maneno na mkubwa bila shikamoo, hata kama moyo unamchemka. Baba anaendeleaje na upofu wake? Shemeji na watoto ni wazima? Mvua zimefika Itigi, au mnalima vumbi kama mwaka jana? Mimi mwili ni mzima. Hali ya Mama sikuulizi.

Nataka nikusimulie Jumamosi yangu. Uisome yote, usiruke.

Unamkumbuka Sista Hedwiga, yule Mjerumani mrefu aliyekuwa akizalisha wajawazito pamoja na Mama pale zahanati, mpaka miguu ikamshinda wakamrudisha kwao? Yu hai. Nilitafuta anwani yake, nikamwandikia, akanijibu kwa Kiswahili kwamba nije siku moja anitembeze mji wa kwao. Unaitwa Bamberg, ni mji wa wastani tu, saa tatu kwa treni kutoka ninapokaa. Nilinyoosha shati, nikapiga viatu rangi. Nilifurahi, Kaka. Tangu nije huku sijawahi kwenda mahali kwa ajili ya kutembea tu. Mimi najua chumba changu na kazini, basi.

Sista alikuwa ananingoja stesheni, kaegemea mkongojo. Alinishika mikono yote miwili asiiachie.

"Pole, Paskali. Pole sana, mwanangu."

"Nimeshapoa, Sista. Treni za huku hazichoshi kama yetu."

Akanitazama kidogo, akasema, "Basi twende."

Mji wenyewe ni mzuri mpaka unaudhi. Mto umepita katikati, na jumba lao la zamani la baraza la mji wamelijenga pale pale darajani, maji yanapita huku na huku, kuta zimechorwa watu toka chini hadi juu. Nilisimama nikaangalia kama mtoto. Na watu wa pale nao walisimama wakaniangalia mimi. Mama mmoja alihamisha mkoba wake upande wa pili nilipompita. Hayo nimeyazoea, sikumwonyesha Sista kwamba nimeona.

Tukapanda mlima polepole mpaka kanisa kuu, lenye minara minne. Ndani kuna mfalme wa jiwe amepanda farasi, na Sista anasema hata wenyewe hawana hakika ni mfalme gani. Akanunua mshumaa, akauwasha mbele ya Bikira Maria.

"Huu ni wa mama yako," akasema.

Nikapiga magoti, nikasali Salamu Maria tatu. Nilipoinuka nikamwambia, "Asante, Sista. Nitamwandikia, atafurahi sana."

Alinigeukia kama mtu aliyesikia vibaya. Tuliteremka mlima akisimama kila hatua chache, nami nikadhani ni miguu inamsumbua.

Akanipeleka kwenye duka la chai, akaagiza keki ya matufaha. Yake hakuigusa. Akaniuliza, "Kaka yako alikuandikia lini mara ya mwisho?"

"Nimepata barua juzi. Ninayo hapa."

"Nisomee anavyosema habari za mama yako Maria."

Nikaitoa mfukoni nikamsomea kwa furaha, maana nilitaka asikie. Maneno ni yako, unayajua: "Mama hajambo, anakusalimu sana. Sweta uliyompelekea imemtosha sawasawa, haivui hata kanisani. Anasema ule vizuri kwa sababu ya baridi."

Sista akauweka mkono wake juu ya karatasi, kama anayetaka maneno yasitoke.

"Mwanangu, Maria walimzika wiki ya pili baada ya Pasaka. Katekista aliniandikia. Mimi nilijua unajua."

Kaka, sikulia. Niliendelea kula keki. Niliila yote, nikakomba na makombo kwa uma, Sista analia mbele yangu na watu wa meza nyingine wanageuka. Sijui kwa nini nilikula.

Ndipo akanieleza aliyoandikiwa na katekista. Kwamba lilikuwa tumbo, siku nne tu. Kwamba siku ya tatu aliuliza kama Paskali ameandika. Kwamba wewe ulisimama msibani ukawaomba watu wasinitumie habari, nisije nikaacha masomo nikarudi mikono mitupu.

Pasaka! Mimi sweta niliituma mwezi wa saba. Niliichagua mwenyewe, ya bluu, nikazunguka maduka mawili kwa sababu katika la kwanza sweta zilikuwa na shingo pana na Mama kifua chake hakipendi baridi. Imemtosha nani sawasawa, Kaka? Nani haivui hata kanisani? Kuficha msiba ningeweza kukuelewa, watu wengi wameficha. Lakini ulikaa mezani ukamtungia Mama maneno. Barua tatu. Ukamtia mdomoni habari za chakula changu, naye yuko chini ya udongo. Nami nilikuwa nazisoma kwa sauti chumbani kwangu, niisikie sauti yake.

Sasa usikie na yangu, maana sitaki nikuhukumu nikiwa nimejificha. Masomo uliyokuwa unayalinda hayapo. Zile Ujerumani mbili zilipoungana, kiwanda nilimokuwa nikijifunza kukereza vyuma kwa mashine kilifungwa. Wenzangu wakapandishwa ndege wakarudi. Mimi nikabaki kwa aibu. Sasa ni zaidi ya mwaka nafua mashuka katika nyumba ya wazee, mashuka ya watu wasioweza kujizuia. Lakini Mama nilimwandikia kwamba nimepewa mashine yangu na vijana watatu chini yangu. Katekista ameandika kwamba wiki moja kabla ya kuugua, Mama alikuwa akiwatangazia hayo wanawake kisimani.

Sista aliponisindikiza stesheni aliniambia, "Msamehe kaka yako. Alikuwa anaogopa." Nikamwambia nitajaribu. Nimejaribu jana na leo, bado haijaja.

Shemeji mpe salamu. Yeye simlaumu, najua nyumbani kwako kauli ni yako. Mama mdogo, ambaye bila shaka ndiye aliyemwosha dada yake, mwambie namshukuru na ninamlilia. Watoto waambie baba yao mdogo anawakumbuka.

Salamu za Baba sikuachii wewe. Macho yake yamekufa, na kwa miaka yote hii amesoma kwa macho yako na kuandika kwa mkono wako, sijui kama hata amewahi kusikia nilichomwandikia. Kwa hiyo nimeandika barua nyingine, naituma kwa katekista. Nimemwomba akae na Baba baada ya Misa amsomee neno kwa neno: habari za salamu ulizomtungia Mama, na habari za mashine ambayo sikuwahi kupewa. Nitazitia bahasha zote mbili katika sanduku moja la posta. Ukiwa unaisoma hii, basi na Baba anasomewa yake.

Ni mimi mdogo wako, uliyenyonya naye ziwa moja,

Paskali