Skii Chini ya Kitanda cha Mama

Jumamosi, 4 Oktoba
Nimezipaka nta skii zetu, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, jozi zote mbili. Nimefuta kingo za chuma zisishike kutu. Msimu wa theluji kule Lesotho umekwisha. Hadi Juni hazina kazi. Gereji inavuja tangu mvua zianze, kwa hiyo nimezisukuma chini ya kitanda cha wageni. Dan, mume wangu, anataka tuzitundike sebuleni. Sitaki. Mama anafika Jumanne kutoka Voi.

Jumanne, 7 Oktoba
Mama yuko Joburg. Amechoka, amefurahi. Ameleta picha za mazishi ya Shangazi Rhoda, dada wa Baba, aliyenilea miaka mitatu Mama alipokuwa mgonjwa.
Julai niliwaambia nyumbani kwamba kazini wameninyima ruhusa. Uongo. Ruhusa nilikuwa nayo. Tulishapanga kwenda Lesotho na wenzake Dan. Siku wanamzika, mimi najifunza kusimama juu ya theluji. Nacheka.
Picha sijazitazama. Nimesema macho yanauma.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mama amefagia chini ya kitanda. Nimetoka kazini, akauliza, "Hizi mbao ni za nini?"
Nimesema ni za jirani, ameomba tumwekee. Uongo juu ya uongo. Miaka arobaini na moja, naongopa kama mtoto.

Ijumaa, 10 Oktoba
Amezifunika kwa leso yake mpya. Eti vitu vya watu vitunzwe.
Najichukia.

Jumamosi, 11 Oktoba
Asubuhi nimemwona Mama getini anamwita jirani. Alitaka kumwambia vitu vyake viko salama. Nimemkimbilia bila viatu, nikamrudisha ndani. Jikoni nimesema yote. Ruhusa. Lesotho. Tarehe.
Hakupiga kelele.
"Mwanangu, nilisimama kando ya kaburi nikasema umenyimwa ruhusa. Mchungaji akaomba Mungu awalainishe mioyo wakubwa wako. Watu wote wakaitikia amina."
Sikuwa na pa kuuweka uso. Dan aliingia, akatutazama, akatoka.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimempigia Mshai, binti wa Shangazi. Nimemwambia kweli. "Haya. Nimesikia." Akakata.
Mchana Mama ameniita nikae sakafuni, kati ya magoti yake, anisuke. Alivuta nywele kwa nguvu, mstari baada ya mstari. Nami sikumwambia inauma.