Chungu Chini ya Mtini

Puylaurel, 4 Januari 1997

Mdogo wangu Fulcran,

Habari za Toulouse? Kikohozi kimepoa? Mimi mzima, ila baridi ya mlima huu haina adabu.

Kuna neno linanikereketa. Tangu tumzike baba Septemba umekuja mara moja tu, Sikukuu ya Watakatifu Wote, nami nilikuwa kanisani. Leo jirani yetu Bi Escande ananiambia alikuona na sepetu chini ya mtini wa baba. Sepetu, hapa Puylaurel! Meya kapiga marufuku hata shimo la kufukia kuku, kwa ajili ya wale wendawazimu wanaotafuta dhahabu ambayo eti padri wa zamani aliifukia hapa kijijini. Umepata nini, Fulcran? Baba alikuwa wetu sote.

Dada yako,
Eulalie

Toulouse, 11 Januari

Dada Eulalie, shikamoo.

Kikohozi kimeniachia. Magoti yako je?

Dhahabu! Na wewe wamekuambukiza? Sijapata kitu. Lile ni jambo la baba, nitakueleza Pasaka ana kwa ana, maana barua zako Bi Escande huzisoma kabla yako. Tafadhali usiguse pale.

Mdogo wako,
Fulcran

Puylaurel, 19 Januari

Fulcran,

Leo hali yako sikuulizi. Asiye na kitu husema "usiguse"? Kikulacho ki nguoni mwako!

Jumapili, watu wakiwa misani, nimechimba. Nikatoa chungu kizito kimezibwa kwa nta. Nikaibandua nta kwa kisu. Ndani, majivu matupu! Mali umebeba, ukanijazia majivu ya jikoni ili unicheke. Haya, hayakupotea. Kichochoro kimejaa barafu, nikayamwaga pale, kama tufanyavyo kila mwaka watu wasianguke. Bi Escande kanishukuru sana.

Dada yako

Toulouse, 23 Januari

Dada,

Sijui nikusalimuje. Unakumbuka wachimbaji wa dhahabu walivyolivunja kaburi la mama? Baba aliogopa hilo. Akaniapisha: akishachomwa, nimzike chini ya mtini. Chombo cha majivu tulichokizika Septemba makaburini kilikuwa na mchanga. Sikukwambia kwa kuwa nilikushuku huwezi kuficha siri.

Yale majivu ni baba. Nisamehe. Usiruhusu mtu apite.

Fulcran, mdogo wako

Puylaurel, 27 Januari

Mdogo wangu,

Barua imefika leo. Barafu imeyeyuka tangu juzi, maji yote yameteremka bondeni. Nimetoka na ufagio, nikakosa pa kuanzia.

Bi Escande akauliza, "Mwenzangu, unalia nini?" Nikamwambia nimepoteza kitu. Akacheka: "Usiniambie ni ile dhahabu!"

Njoo, Fulcran. Peke yangu siwezi.

Dada yako,
Eulalie