Sikio la Kushoto

Reykjavik, 4 Septemba 1986

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, hofu ni kwenu huko bondeni. Goti la Baba linaendeleaje?

Mwalimu wangu Hildigunn amenirudishia mada ya utafiti. Niliandika "Ufugaji wa kondoo Iceland." Akaandika pembeni: "Nchi nzima? Punguza." Nikapunguza: "Ufugaji wa kondoo Kaskazini." Akacheka. Mwisho ni tarehe mosi Oktoba, Mama. Nikishindwa, narudia mwaka.

Mwanao,
Solrun

Bondeni, 16 Septemba

Mwanangu Solrun,

Salamu zimefika. Sisi wazima. Goti la baba yako linauma kukiwa na kazi tu.

Mimi utafiti siujui, shule niliiacha na miaka kumi na mitatu. Lakini Jumamosi tulishusha kondoo wa bonde zima kutoka milimani, elfu mbili zizini. Huwezi kuwashika wote. Unamshika mmoja, unapapasa alama ambayo kila mfugaji huwakata wake sikioni, unamsukuma kwa mwenyewe. Anza na mmoja.

Jirani yetu Thorgrim alimvuta jike wetu, eti ncha ya sikio la kushoto imekatwa, kwa hiyo ni wake. Nikalipapasa, macho nimeyafumba. Kisu huacha ukingo laini, baridi kali ikila sikio huacha vinundu.

"Hii ni baridi, si kisu chako. Mwachie."

"Asdis, we hata macho hukufungua!"

"Ya nini? Si mvua inanyesha?"

Akamwachia, na uso kaukunja. Nakutumia soksi.

Mama yako

Reykjavik, 20 Septemba

Mama mpendwa,

Natumaini hamjambo. Soksi nimezivaa.

Barua yako nimemsomea Hildigunn. Aliuliza, "Mama yako alijifunza wapi hayo?" Sikujua. Nimekaa nawe miaka ishirini sijawahi kukuuliza, na naona aibu.

Mada sasa ni hii: "Kutambua kwa vidole jeraha la baridi na alama ya kisu: ujuzi wa mwanamke mmoja katika bonde moja." Ameikubali, ila anataka ridhaa yako kwa maandishi kabla ya tarehe mosi. Utakubali?

Mwanao,
Solrun

Bondeni, 27 Septemba

Mwanangu,

Sisi wazima. Usinilaumu kwa kukawia. Siku nne barua yako ilikaa nyuma ya birika la kahawa, nikidhani mnanitania. Halafu nikaisoma tena, nikalia kidogo, kisha nikaenda kutengeneza soseji za damu.

Nilifundishwa na bibi yako. Alinifunga macho kwa kitambaa chake cha kichwa, nikikosea ananirudisha kwa kondoo wa kwanza. Hajawahi mtu kuniuliza. Nakubali, na jina langu uliandike lote, Asdis Ketilsdottir.

Jana Thorgrim alipita kunywa kahawa, akauliza kwa kebehi, "Hivi Solrun anasoma nini huko mjini?"

"Ananisoma mimi," nikamwambia, nikamwongezea kahawa.

Mama yako