Kwa Kocha Caleb Buya, Uliyeziba Malka kwa Mkono Wako

Mwaka umetimia wiki hii, Caleb, tangu tulipokulaza katika udongo wa Wema, kijiji ulichozaliwa. Mvua imekuja na kwenda, mahindi ya shamba la chini yamevunwa, na kitanda chako cha kamba kule barazani bado hakuna anayekikalia. Anayeandika ni binti yako Charity, lakini maneno mengi ni ya mkeo Hulda, na unajua Hulda akishaamua kusema hapunguzi.

Tuanze na mema, kwa kuwa yapo tele. Ulicheza beki ya kulia miaka kumi na mmoja katika klabu ya Mombasa, na miaka mingine uliimaliza benchi ukiwashangilia wenzako. Kila Krismasi ulirudi na gunia la viatu vya mpira vilivyochakaa, ukawagawia vijana wa Wema na Garsen bila kuuliza huyu ni wa nani. Goti lilipokataa ulikuwa na miaka thelathini na miwili. Wenzako walibaki mjini wakisimulia mechi za zamani. Wewe ulifika nyumbani na begi moja, na kabla ya wiki kwisha ulikuwa uwanjani unapanga mawe yawe koni.

Hulda anakumbuka ulilia mara moja tu, siku ulipogawa jozi yako ya mwisho. Kesho yake ulikuwa kocha, na tangu hapo hukutaka kuitwa kitu kingine. Ulikuwa mpole kwa aliyekosea na mkali kwa aliyechelewa. Ulikuwa pia kocha asiyejua kukaa: ulitembea kando ya mstari dakika zote tisini, na jioni Hulda alikukanda goti kwa maji ya chumvi huku akikuuliza nani amekutuma.

Baadaye ukawa na umeneja pia, maana hakukuwa na mwingine wa kuutaka. Ulitafuta gari, ukasajili wachezaji, ukaandika barua. Kila barua uliiandika kwa kaboni, nakala moja ukaibakiza, kwa sababu klabu ya Mombasa iliwahi kukupotezea mkataba kisha ikakukana. Tulikuwa tunakutania kwamba hata ukituma mtu sukari dukani utabaki na nakala.

Uwanja wetu uko juu ya malka, ile njia ambayo wafugaji hupitisha ng'ombe kuteremka mtoni kunywa maji. Timu za wageni zilicheka. Mpira unachezwa, vumbi linaonekana, refa anapuliza filimbi, ng'ombe mia mbili wanapita katikati, kinyesi kinazolewa kwa koleo, na mpira unaendelea. Wewe uliona hapo ndipo pa kuanzia. Ulikwenda kwa Mzee Boru, anayechunga upande wa Idsowe, ukampa neno lako kwamba maadamu u hai uwanja ule hautazungushiwa ua. Naye akakupa mwanawe Wario acheze winga. Sisi wakulima Wapokomo na wao wafugaji Waorma, watu tuliokwisha kuuana na kuzikana kwa ajili ya maji na majani, tukawa tunashangilia timu moja. Hilo ulilifanya wewe, na hakuna wa kukunyang'anya.

Kisha tukapanda daraja, na ulikuwa mwaka wa ukame. Wasimamizi wa ligi wakasema uwanja usio na ua haupokei mechi. Ndani ya wiki moja ua ulikuwa umesimama, pande zote nne. Ng'ombe wa Boru wakalazimika kuteremkia kule kwenye ukingo wa mwinuko, na mamba akachukua mitamba wawili. Wario alirudisha jezi, na hakuonekana tena mazoezini. Watu wakasema kuna barua ya kuruhusu ua, tena ina sahihi ya meneja.

Wakati huo ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshakulaza kitandani. Boru alituma mtu aulize kama barua ile ni yako. Hulda alikaa ukingoni mwa kitanda, akakuuliza, na anataka yaandikwe kama yalivyosemwa.

“Baba Charity, ile barua ya ua ni yako?”

“Mama Charity, wewe unanijua. Mimi nimfanyie Boru hivyo? Jasper ndiye aliyeandika kwa jina langu.”

Jasper ni katibu wa timu, uliyemtoa kwenye shamba la ndizi ukamfanya mchezaji, kisha ukamfundisha kazi ya ofisi. Hulda hakukuuliza mara ya pili. Alijifunga leso, akatembea juani mpaka kwa Boru. Mke wa mzee, Abdia, akampa maziwa, akanywa, na kibuyu kikiwa bado mkononi akaapa kwa jina la Mungu kwamba mkono wako haumo katika barua ile. Boru alimsikiliza mpaka mwisho, akasema maneno yake ameyachukua. Kutoka hapo Hulda alipitia kwa Jasper, akamwita mwizi wa jina la watu mbele ya mama mkwe wake. Na siku ya mazishi, Jasper aliposogea kushika jeneza lako, Hulda alimwondoa mkono. Garsen nzima iliona.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa tunatafuta picha ya kuweka juu ya tangazo hili. Charity alifungua sanduku lako la bati, picha akaipata. Chini yake palikuwa na nakala ya kaboni, wino wa bluu, mwandiko wako ule ule wa kuinamia kulia. Umeandika: “Mimi Caleb Buya, kocha na meneja, nakubali uwanja uzungushiwe ua pande zote nne. Wenye mifugo nimeongea nao, hawana neno.”

Hulda aliisoma mara tatu. Hakulia. Alisema kama ungeoa mke wa pili kwa siri ingekuwa nafuu, kwa sababu hilo angejua la kulifanya. Kisha akasema kikulacho ki nguoni mwako.

Sababu tunaijua, Caleb, si wapumbavu. Umri wako wote wa kucheza ulikuwa ndani ya timu za watu wengine, mara nyingi umevaa fulana ya akiba, na sasa timu yako mwenyewe ilikuwa imekaribia kucheza mbele ya watu wengi. Ulitaka kuiona inapanda. Ungetuambia tungekasirika, tungegombana, na pengine tungekwenda pamoja kwa Boru kumwomba. Lakini ulimwacha mkeo akaape uongo kwa mdomo wake akidhani ni kweli, ukapokea uji wake jioni ile, ukamwambia asante. Hiyo asante ndiyo inayomkaa kooni mpaka leo.

Alirudi kwa Boru na ile nakala ili akakitangue kiapo chake. Alianza kuisoma kwa sauti, na mzee akamwinulia kiganja aache.

“Wacha, mama. Siku wanapima ile uwanja, mimi nilikuwa pale na ng'ombe. Kocha mwenyewe nahesabu hatua, mimi naona kwa macho yangu.”

Hulda alimwuliza, ikiwa alijua, kwa nini siku ile alimwacha aape.

“Wewe ulikuja na miguu, jua kali, mgonjwa iko nyumbani. Mimi nikaona malka imeshapotea. Bwana yako nikupotezee pia, na bado iko hai?”

Hapo ndipo mkeo alipolia, Caleb, kwa mara ya kwanza tangu sanduku lifunguliwe, tena mbele ya mtu uliyemdhulumu. Abdia alimletea maziwa tena. Alishindwa kuyanywa, nao hawakumlazimisha.

Kutoka hapo alikwenda kwa Jasper, na huko hakukuwa na maziwa. Jasper alisema mwaka mzima nusu ya Garsen imemwita mwongo, na aliyemtia doa hilo ni mtu aliyemwita baba. Haki yake. Kwa hiyo tunaandika hapa, kila mtu asome: Jasper hakuiandika barua ile. Aliiandika Caleb Buya. Familia inamwomba Jasper radhi kwa matusi, na kwa mkono aliozuiwa kuuweka juu ya jeneza.

Kamati ya timu ilikuja kutuarifu kwamba wanataka kuupa uwanja jina lako, ichezwe mechi, na Hulda akate utepe. Walidhani angelipokea hilo kwa furaha. Aliwaambia jina la mumewe halitabandikwa kwenye ua huo mpaka upande wa mto na upande wa malisho ufunguliwe, ng'ombe wapite kama alivyoahidi. Mmoja wao alisema mama anataka timu ishushwe daraja. Hulda alijibu kwamba hata timu ikishuka, itakuwa imeshuka na neno la mtu limesimama. Walisema watalijadili. Wakiwa bado wanajadili, mechi haipo, na yeyote aliyesikia tangazo lake asisumbuke kuja.

Jumamosi tutakutana kanisani Wema saa nne asubuhi, kisha nyumbani kwa wali na samaki, kama ulivyopenda. Boru na Abdia wamesema watakuja. Jasper hajasema, nasi hatumlazimishi.

Tunaokukumbuka ni mkeo Hulda, binti yako Charity na mumewe, ndugu yako James, wajukuu wako wanaokuita bado Babu Kocha, na wachezaji wako wa pande zote mbili za ule ua. Hakuna siku itakayopita bila wewe, Baba Charity. Kuhusu kukusamehe, mkeo anasema umpe muda. Wewe huna haraka tena.