Kamshafti Mbili Ulizoniachia

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini ulinifundisha nisimwambie mtu mzima neno lolote kabla ya shikamoo, na sijui kuanza kwa njia nyingine.

Ni Jumapili, baada ya adhuhuri. Nimekaa uani hapa Hombolo, juu ya ile ndoo yako ya rangi uliyoigeuza kiti, karibu na zabibu za Mama. Karatasi imeshashika oili, unisamehe. Naogopa, Baba. Naogopa mno, na sina mwingine wa kumwambia, maana hapa wote wameshaanza kuniita fundi.

Ulipotutoka, miezi mitano sasa, uliiacha injini ya kigari chetu cheupe barazani, vipande vipande chini ya turubai. Watu wa matanga walikuwa wanaizunguka wakienda kunawa. Baba mdogo akashauri aitwe mtu wa vyuma chakavu aipime kwa kilo. Nilimjibu vibaya mbele za watu, na sijamwomba radhi mpaka leo.

Ukaniachia na zile kamshafti mbili, vyuma vya kufungulia valvu za injini, umezifunga kwenye khanga kuukuu ya Mama. Ya zamani ilikuwa imelika kinundu kimoja, ukaenda mjini kwa wauza vipuri vilivyotumika, ukarudi na mbili. Ukanipa zote. "Zai, chagua wewe. Ukikosea nitakuambia." Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi presha ikakuchukua hata chai hujanywa. Sasa nani aniambie, Baba? Ulitaka nani aniambie?

Moja ilikuwa ya kawaida, vinundu vyake vya mviringo, vya kusukuma valvu taratibu. Ya pili vinundu virefu, vina ncha, vya kuzifungua valvu sana ili gari likimbie. Vijana wa gereji ya sokoni walipoiona wakapiga miluzi. Wakasema hiyo ndiyo kamshafti ya wanaume, Zaituni huiwezi. Unanijua mwanao. Nikafunga hiyo hiyo. Si kwamba ilifaa, ila nisionekane muoga. Wallahi sikuwaza kingine.

Mama alikuwa amekaa mlangoni nilipowasha. Macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli tu, mtoto wa jicho kayaziba yote mawili, lakini masikio unayajua. Gari likawa linatikisika, linakohoa, nisipokanyaga mafuta linataka kuzimika. Akasema, "Hilo si gari la baba yako." Nikamwambia litazoea. Litazoea! Chuma kimezoea lini?

Kosa langu lenyewe nimekuwa nalikwepa, ngoja niliandike. Tangu nina miaka sita, kila injini uliyoifunga, wa kwanza kupanda nilikuwa mimi. Ulikuwa unaniita hata kama nakula, unaniweka kiti cha mbele, tunakwenda hadi bwawani na kurudi, ndipo mwenye gari akabidhiwe funguo. Nilidhani unanidekeza. Mpaka siku Mama alipokugombeza, ukamjibu, "Gari ambalo siwezi kumpakia mwanangu, bado sijalimaliza."

Sasa siku ile mimi sikumpakia mtu. Mama alishaushika mtandio, anataka kuja, nikamwambia baki, nakwenda kuleta sukari. Moyo wangu ulikuwa unajua, Baba. Pale pale nilipoona siwezi kumpakia mama yangu, ningezima gari nikarudi kushika spana. Badala yake nikaondoka peke yangu.

Pale tunapoingia barabara kuu ya Morogoro nilisimama, nikaangalia kote, nikakata kulia kuelekea mjini. Gari likafika katikati ya lami, likakosa nguvu, likazimika. Kamshafti ile haina nguvu gari likiwa taratibu; ulinieleza mwenyewe zamani, na nilikuwa nakumbuka. Lori likaja. Nakumbuka honi, sikumbuki kama nilipiga kelele. Lilinikwepa likaingia mchangani, vumbi likanifunika, dereva akateremka mikono kichwani. "Dada, unataka kuniachia kesi?" Watu wakanisukuma hadi pembeni. Niliendelea kukaa humo ndani, nakiangalia kile kiti cha mbele kilichokuwa kitupu.

Wiki tatu sikuligusa. Nikisikia honi tu barabarani naingia ndani. Lakini Jumanne Mama anatakiwa hospitali mjini akatolewe mtoto wa jicho, na amegoma kupanda gari lingine lolote. "Nitakwenda na gari la mume wangu, au nibaki na giza langu." Nimembembeleza, nimemtuma mpaka shehe. Wapi! Unamjua huyu mtu wako.

Basi nikafungua upya. Nikaitoa ile ya ncha, nikaishika ya kawaida, nikapitisha ukucha juu ya kila kinundu kama ulivyonifundisha: ukucha ukikwaruza, tupa. Haukukwaruza. Nikapima nafasi ya kila valvu, nikalinganisha alama kwa alama, nikaizungusha injini kwa spana huku nasikiliza kama kuna valvu inayogonga pistoni. Wewe ulikuwa unazungusha mara mbili. Mimi nimezungusha mara tisa, na ya tisa nilikuwa nalia.

Asubuhi ya leo nikawasha. Imetulia, Baba. Mama akatoka jikoni anapapasa ukuta, akaniuliza, "Umelifanyaje? Mbona limerudi?" Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza yote, lori, honi, mchanga, na kwamba nilimwacha nyumbani kwa makusudi. Nikangoja anigombeze.

Akasema, "Najua. Kijana wa bodaboda aliyekuwa pale aliniambia siku ile ile. Nilikuwa nangoja uniite."

Nimemwita, Baba. Nimesimama uani nikamwita kwa sauti, vile ulivyokuwa unaniita mimi. Amevaa baibui lake la safari, amekaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, mkanda amefunga mwenyewe kwa kupapasa. Tunakwenda hadi barabara kuu, tuingie lami pale pale, tugeuze, turudi. Na mimi bado naogopa, ndiyo maana naandika badala ya kuondoka. Kama nimekosea, niambie kabla hatujafika pale.

Nakuahidi, sitamkabidhi mtu gari ambalo sijampakia mtu wangu kwanza. Hata wakinicheka. Baba mdogo naye nitakwenda kumwomba radhi.

Mungu akupe kauli thabiti huko uliko. Kwaheri, Baba. Ningeandika zaidi, ila Mama amenyoosha mkono kwenye usukani, anapiga honi.

Mwanao,
Zaituni